Kocha asiwe mwamuzi wa goti la mwanafunzi

Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waingie sekondari ya juu Januari 2026, mazungumzo kuhusu michezo katika shule za Kenya yamekuwa ya matumaini. Mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo umewekwa bega kwa bega na mikondo mingine miwili, na wazazi wanaambiwa kwamba mtoto mwenye kipaji sasa amepata njia yake rasmi. Matumaini hayo yana msingi. Lakini kuna hesabu ndogo iliyorukwa. Katika mfumo wa zamani wa 8-4-4 mwanafunzi alikaa sekondari miaka minne. Katika sekondari ya juu anakaa mitatu. Mchezaji amepunguziwa msimu mzima, ilhali goti, kifundo cha mguu na mfupa wa muundi vinahitaji muda uleule kupona. Kadiri misimu inavyopungua, ndivyo haraka ya kumrudisha majeruhi inavyozidi, hasa katika mwaka wa mwisho. Na kwa kuwa kocha, mzazi na mwanafunzi mwenyewe wote wana sababu ya kuharakisha, uamuzi wa lini arudi uwanjani unapaswa kuondolewa mikononi mwao na kukabidhiwa vipimo, kalenda, na mtu asiyepata wala kupoteza chochote timu ikishinda au ikishindwa.

Wapo watakaosema kwamba hakuna msimu uliopotea, kwa sababu michezo ya sekondari ya msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, imeongezwa huku chini. Kwa hesabu ya miaka, ni kweli. Lakini wasaka vipaji wa klabu na wa vyuo vya ng'ambo hawaendi kutazama watoto wa miaka 13. Wanakwenda kwenye fainali za kitaifa za sekondari na kwenye michezo ya Afrika Mashariki ya FEASSSA, iliyofanyika Arusha 2022, Huye 2023, Mbale 2024 na Kakamega 2025. Hapo ndipo mwanafunzi huonekana, na nafasi za kufika hapo ndizo zilizopungua.

Tazama pia urefu wa msimu wenyewe. Muhula wa kwanza una mpira wa kikapu, handiboli, magongo, raga ya wachezaji 15 na riadha. Muhula wa pili ni wa kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji 7. Muhula wa tatu ni wa mitihani, na mtahiniwa haonekani uwanjani. Kwa hiyo msimu wa mchezaji wa kandanda huanza masomo yanapofunguliwa mwishoni mwa Aprili na kuisha mapema Agosti ikiwa timu yake itapenya kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda na taifa. Timu nyingi hung'olewa kabla ya Julai. Kifundo kilichoteguka vibaya huhitaji wiki nne hadi sita. Msuli wa nyuma ya paja uliochanika kwa kiasi huhitaji wiki tatu au zaidi, na hatari ya kuchanika tena ni kubwa zaidi katika wiki mbili za kwanza baada ya kurudi. Jeraha ambalo mchezaji wa kulipwa analivumilia kwa kukosa mechi chache linammalizia mwanafunzi msimu wote, na kama ni wa mwisho, linafunga ukurasa wake wa michezo shuleni.

Jeraha linaloonyesha tatizo hili waziwazi zaidi ni la kano ya ndani ya goti, ile ambayo mashabiki wengi wanaijua kwa herufi tatu, ACL. Mara nyingi haikatiki kwa kugongwa. Msichana wa handiboli anaruka kurusha mpira, anatua kwa mguu mmoja, goti linaingia ndani huku mwili ukigeuka, anasikia kitu kikidata, na ndani ya saa mbili au tatu goti limejaa. Kujaa kwa haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu ndani ya kiungo, na daktari yeyote wa mifupa akisikia maelezo hayo atashuku kano kabla hata ya kuligusa goti. Uvimbe unaojitokeza kesho yake ni habari nyingine. Wasichana wamo katika hatari zaidi ya wavulana katika michezo ya kuruka na kugeuka, mara mbili au zaidi. Baada ya siku chache goti linapungua, anatembea bila kuchechemea, na hapo ndipo kosa hufanyika: kila mtu anadhani amepona. Kutembea mbele kwa mstari hakuhitaji sana kano hiyo. Kugeuka ghafla kunaihitaji. Anarudi mazoezini, goti linateleza, na safari hii gegedu ya goti nayo inachanika.

Sasa weka jeraha hilo kwenye kalenda. Mwanafunzi wa Gredi ya 11 anaumia Julai. Akibahatika, anapata picha ya MRI ndani ya wiki mbili tatu. Upasuaji haufanywi goti likiwa limevimba na gumu. Kwanza lazima linyooke kabisa na msuli wa mbele ya paja uamke, kazi ya wiki kadhaa. Tuseme anapasuliwa Septemba. Muda wa chini kabisa wa kurudi kwenye mechi ni miezi 9, yaani Juni mwaka unaofuata, na hapo ni kama kila kitu kimekwenda sawa. Familia ikichelewa kupata pesa na upasuaji ukasogea hadi Desemba, tunazungumzia Septemba, na msimu wa mwisho umekwisha. Upasuaji katika hospitali ya kibinafsi hugharimu laki kadhaa za shilingi, kwa hiyo kuchelewa ndiyo hali ya kawaida. Mwanafunzi huyu anastahili kuelezwa ukweli huo mapema, akiwa bado Gredi ya 11, ili apange masomo na matarajio yake. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba anaachwa atumaini hadi mwezi wa tano, kisha anarudishwa uwanjani nusu nusu kwa sababu fainali za kaunti zimekaribia.

Miezi 9 haikutolewa hewani. Utafiti wa kundi la wataalamu wa Delaware, Marekani, na Oslo, Norway, uliochapishwa 2016 uligundua kwamba kila mwezi mchezaji aliosubiri kabla ya kurudi, hadi kufika mwezi wa tisa, ulipunguza kasi ya kuumia goti tena kwa karibu nusu. Mapitio mengine ya mwaka huohuo yaliyokusanya tafiti nyingi yalionyesha kuwa miongoni mwa wanamichezo walio chini ya miaka 25 wanaorudi kwenye michezo yao, takriban 23 kati ya 100 huikata kano tena, iwe ya goti lile lile au la mguu wa pili. Karibu mmoja kati ya wanne. Huo ndio umri wa wanafunzi wetu, na wengi wa waliofuatiliwa katika tafiti hizo walikuwa na wataalamu wa fiziotherapia ambao shule nyingi za kaunti hazina.

Nani basi humrudisha mwanafunzi uwanjani leo? Fika kwenye michuano ya kaunti ndogo utazame pembeni mwa uwanja. Kuna chupa ya dawa ya kupuliza, bandeji, ndoo ya maji, labda barafu iliyonunuliwa njiani na kuyeyuka. Mchezaji anaanguka, kocha anamkunjia mguu mara mbili, anamuuliza, "Unaweza?" Mtoto anajibu, "Naweza, mwalimu." Hakuna mtoto wa Kidato cha Nne atakayejibu vinginevyo mbele ya wenzake na shule nzima. Swali hilo halipimi chochote. Kwa kifundo kilichoteguka, kuna kipimo ambacho mwalimu yeyote anaweza kujifunza kwa nusu saa: je, mchezaji anaweza kupiga hatua nne akiuwekea mguu ule uzito, papo hapo? Je, akibonyezwa ukingo wa nyuma wa fundo la ndani au la nje, katika sentimita 6 za chini, anasikia maumivu kwenye mfupa wenyewe? Je, maumivu yako kwenye mfupa ulio chini ya kidole cha mwisho, katikati ya ubavu wa unyayo, au kwenye mfupa ulio juu ya upinde wa unyayo? Jibu baya kwa lolote kati ya hayo linamaanisha eksirei, wala si kukandwa. Kukanda na maji moto katika siku mbili za mwanzo huongeza uvimbe, na kama mfupa umepasuka, mkono wa mkandaji unaweza kuusogeza.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya msimamo huu ni ya mwanafunzi mwenyewe. Ana miaka 18 au anaikaribia, kwao hakuna karo ya chuo, na wiki moja ya fainali za kitaifa inaweza kumpatia klabu au ufadhili wa masomo Marekani. Mtu anayemwambia akae kando hatamlipia karo hiyo. Hoja hii haifai kupuuzwa, na walimu wanaoisema hawana roho mbaya; wengi wao wamewalipia wachezaji wao nauli na viatu kutoka mfukoni. Lakini ichunguzwe kwa undani. Msaka vipaji anayemwona mchezaji akiwa na asilimia 70 ya uwezo wake anaandika asilimia 70 kwenye daftari lake. Klabu nyingi makini na vyuo hupima afya kabla ya kusajili, na goti linaloteleza hugunduliwa mezani kwa daktari. Mwanafunzi aliyeumia mara moja akatibiwa vizuri bado ana soko akiwa na miaka 19 au 20. Aliyeikata kano mara mbili kabla ya kumaliza shule, soko lake limebaki finyu sana. Kinachohitajika ni rekodi ya misimu iliyotangulia: muda wa mbio ulioidhinishwa, video za mechi za Gredi ya 10 na 11, takwimu, barua ya mtaalamu inayoeleza jeraha na maendeleo ya kupona. Shule ikiweka kumbukumbu hizo tangu muhula wa kwanza, msimu wa mwisho hautabeba uzito wote peke yake.

Wengine wanapendekeza njia ya mkato: majeruhi wa mwaka wa mwisho arudie darasa ili apewe msimu mwingine. Hutolewa mfano wa vyuo vya Marekani, ambako kwa miaka mingi mwanamichezo wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ameruhusiwa kutumia misimu minne ndani ya miaka mitano, na aliyeumia mapema katika msimu anaweza kuomba msimu huo usihesabiwe. Mfano huo hautufai shuleni. Huko Marekani kwenyewe, vyama vya michezo vya shule za upili kwa kawaida vinashikilia ukomo wa mihula minane. Kwetu, ambako udanganyifu wa umri umezisumbua ligi za shule tangu zamani, mlango wa kurudia darasa kwa ajili ya jeraha ungejaa watu wazima wenye vyeti vya hospitali kabla ya mwaka kwisha.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba zamani tulicheza pekupeku kwenye viwanja vya kokoto na hakuna aliyevunjika, na kwamba vijana wa leo ni laini. Wanaosema hivyo wanawahesabu waliobaki. Mchezaji aliyekata kano mwaka 1985 hakupigwa picha ya MRI. Aliambiwa ameteguka, akakandwa, akaacha mpira, na hakuna aliyemwandika popote. Leo mwulize mzee yeyote aliyechezea shule yake kwa nini hawezi kuchuchumaa, na mara nyingi utasikia hadithi ya mechi fulani na goti lililojaa jioni ile. Zaidi ya hayo, mzigo umebadilika. Mwanafunzi wa sasa huchezea shule siku za wiki na timu ya mtaani Jumamosi na Jumapili, kisha kwenye michuano anacheza karibu kila siku, baada ya safari ya basi ya usiku na kulala kwenye godoro darasani.

Kuhusu gharama, lazima tuwe wakweli. Mpango wa bima wa EduAfya, ulioanzishwa 2018 kwa wanafunzi wa sekondari za umma, haupo tena. Sasa mwanafunzi hutegemea usajili wa mzazi wake kwenye SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, na mzazi asiye na ajira rasmi anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Kuna wachezaji wanaopanda basi la michuano bila bima yoyote inayofanya kazi siku hiyo. Chama cha michezo ya shule, KSSSA, kinaweza kulitatua hili kwa kanuni moja: fomu ya kusajili mchezaji isikubaliwe bila uthibitisho kwamba michango ya SHA ya familia yake iko hai, na kaunti ziwachangie wale ambao wazazi wao hawawezi. Fomu za umri zinakaguliwa kwa makini. Hii nayo ikaguliwe hivyo.

Kipimo cha kurudi, kwa upande mwingine, hakina gharama. Kinahitaji chaki, futi ya fundi cherehani na veranda ya saruji. Chora mstari. Mwanafunzi asimame kwa mguu mzima, aruke mbele mara moja na kutua kwa mguu huohuo bila kuyumba kwa sekunde mbili. Ajaribu mara tatu, chukua bora zaidi. Rudia kwa mguu ulioumia. Kisha miruko mitatu mfululizo, na miruko mitatu ya kuvuka mstari kulia na kushoto. Ikiwa mguu mzima umeruka sentimita 150 na ulioumia 132, hiyo ni asilimia 88, na kiwango kinachokubalika ni angalau 90. Bado. Hapa kuna mtego ambao hata wataalamu huusahau: baada ya miezi ya kukaa, mguu mzima nao umedhoofika, kwa hiyo asilimia 90 ya mguu dhaifu inaweza kudanganya. Ndiyo maana kila mchezaji apimwe Januari akiwa mzima, na namba zake ziandikwe. Halafu goti litazamwe kutoka mbele anapotua: likiingia ndani, hajawa tayari hata kama umbali unatosha. Vipimo hivi haviondoi haja ya daktari, wala havifupishi miezi 9. Kazi yake ni kumpa mwalimu wa michezo jibu la kumpa mkuu wa shule anayeuliza kwa nini nahodha hachezi.

Majeraha mawili hayapimwi kwa miruko, na yote mawili hufichwa. La kwanza ni mtikisiko wa ubongo, hasa kwenye raga. Mchezaji aliyegongwa kichwa na kuchanganyikiwa, hata kwa sekunde chache, anatoka na harudi siku hiyo. Kwa wachezaji wasio wa kulipwa, muda wa kabla ya mechi nyingine ni angalau siku 21, na katika michuano ya wiki moja maana yake ni kwamba kwake michuano imekwisha. La pili ni ufa wa mfupa wa muundi kwa wakimbiaji, ambao katika shule za Bonde la Ufa hulazimishwa kukimbia kilomita zilezile kila alfajiri bila kujali maumivu. Maumivu ya misuli husambaa kwenye muundi wote; ya ufa hukaa mahali pamoja unapoweza kufunika kwa ncha ya kidole, na huongezeka anaporuka kwa mguu mmoja. Eksirei ya wiki mbili za kwanza inaweza kuonekana safi kabisa, na wengi hurudishwa mbioni kwa sababu ya picha hiyo. Mapumziko ya wiki 6 hadi 8 yakianza mapema huokoa msimu wa mbio za nyika. Yakicheleweshwa, mfupa unaweza kuvunjika kabisa. Msichana ambaye hedhi yake imekatika huku akiongeza mazoezi anahitaji chakula zaidi na daktari, kwa maana mifupa yake inadhoofika kimyakimya. Na maumivu ya kinena kwa mkimbiaji yasipewe hata siku moja ya kusubiri, kwa sababu ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja unaweza kumfanya kilema.

Kinga nayo ipo na imepimwa. Programu ya FIFA 11+ huchukua dakika 20: dakika 8 za mbio nyepesi zenye kugeuka, dakika 10 za nguvu, mizani na kuruka, dakika 2 za mbio za kasi. Katika utafiti wa Norway uliochapishwa 2008 kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja na makubwa kwa karibu nusu. Hushindikana kwa sababu moja: makocha huifanya wiki mbili, mechi zikianza wanaiacha na kurudi kwenye kuzunguka uwanja mara tano. Inahitaji angalau mara mbili kwa wiki msimu wote, na nahodha afundishwe kuiongoza ili isitegemee kuwapo kwa mwalimu.

Linalobaki ni tathmini, na hapa mkondo mpya una jukumu ambalo michezo ya zamani haikuwa nalo. Michezo sasa ni somo. Kundi la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, na ndani yake watakuwamo walioumia 2027. Ikiwa alama za vitendo zitatolewa kwa anayekimbia na kuruka tu, tutakuwa tumempa majeruhi sababu mpya ya kuficha maumivu, juu ya zile alizokuwa nazo. Mwongozo wa tathmini useme wazi, kabla ya Gredi ya 11 kuanza, kwamba mwanafunzi mwenye barua ya daktari anaweza kutahiniwa kwa kuamua mechi, kuchambua video, kuongoza programu ya kinga kwa Gredi ya 10, au kuandika na kufuata mpango wake wa kupona wiki kwa wiki. Kazi hizo ni sayansi ya michezo halisi. Na sahihi ya kumrudisha uwanjani iwe ya muuguzi wa shule au afisa wa kliniki wa kituo cha karibu, kwenye fomu inayobaki ofisini kwa mkuu wa shule, ikiwa na tarehe ya jeraha, namba za Januari na namba za sasa. Bila fomu hiyo, jina lake lisiandikwe kwenye orodha ya mechi.